Barua ya Wazi kwa Wanaopokea Tovuti za Umma

Ndugu Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA, Maofisa Uhusiano na Maofisa Manunuzi wa taasisi za umma nchini Tanzania,

YAH: TOVUTI ZINAZOPOKELEWA KABLA YA KUJARIBIWA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tovuti ya taasisi ya umma kwa kawaida hupokelewa ukumbini. Mkandarasi huja na kompyuta mpakato, projekta huwashwa, intaneti ya ofisi ina kasi, na ukurasa wa mbele hufunguka kwa mbwembwe: picha kubwa zinapokezana, maandishi yanatambaa chini ya nembo, kibao cha idadi ya wageni kinahesabu. Wajumbe huridhika, hati ya makabidhiano husainiwa, malipo ya mwisho hutoka. Kesho yake mkazi wa Nachingwea hufungua ukurasa uleule kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku, akitafuta fomu moja tu. Kinachomfikia ni ukurasa mweupe wenye kiduara kinachozunguka.

Mkandarasi hastahili kulaumiwa peke yake. Ujuzi wa kujenga kurasa nzuri upo nchini, na viwango vinapatikana bure. Shirika la W3C, lililoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, mtu aliyebuni wavuti akiwa CERN, hutoa miongozo ya ufikivu iitwayo WCAG, na toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na mamlaka inayoisimamia. Pengo liko mahali pamoja: hati ya zabuni hudai tovuti iwe "ya kisasa na yenye mvuto", lakini haisemi itapimwaje. Asiyedai kipimo hupewa bora liende. Hoja zilizo hapa chini zinaeleza nini kipimwe, kwa nini, na nani aombwe kufanya nini.

1. Uzito wa ukurasa.

Kasoro kubwa kuliko zote ndiyo rahisi kuliko zote kurekebisha: picha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake laweza kufika MB 4. Picha hiyo ya uzinduzi wa mradi hupakiwa kwenye tovuti kama ilivyotoka kwenye kamera, kisha msimbo wa mwonekano huiamuru ionekane ndogo. Kwa macho imepungua, lakini simu imelazimika kuipakua yote, kisha kutupa sehemu kubwa ya pikseli zake, kwa sababu skrini nyingi za simu hazizidi pikseli 1080 kwa upana.

Picha tano za namna hiyo zinazopokezana juu ya ukurasa ni MB 20. Kwa mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, MB 20 huchukua sekunde 160, karibu dakika tatu, na bando linaliwa kabla mwananchi hajasoma neno. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 na kuhifadhiwa katika mfumo wa WebP, ambao Google waliutoa mwaka 2010, kila moja hushuka mara nyingi chini ya KB 200 bila jicho la kawaida kuona tofauti. Hatua mbili zaidi hazigharimu kitu. Picha zilizo chini ya ukurasa hupewa sifa ya `loading="lazy"` ili zipakuliwe msomaji anapozikaribia. Na kila picha huandikiwa upana na urefu wake ndani ya HTML, ili maandishi yasiruke picha inapoingia na kumfanya msomaji abonyeze kiungo asichokusudia.

Hayo ni kwa picha zinazohitajika. Picha zinazopokezana hazihitajiki kabisa. Aliyekuja kutafuta ada ya leseni hasubiri picha ya tatu ya kikao cha wafanyakazi ili aridhike. Ziondolewe, na mahali pake pakae orodha ya huduma tano zinazotafutwa zaidi.

Uzito mwingine umejificha. Tovuti nyingi hujengwa juu ya kiolezo kilichonunuliwa, chenye JavaScript ya duka, kalenda, ramani na michoro ambayo hakuna ukurasa unaoitumia, lakini kila ukurasa unaibeba. Fonti nazo huvutwa kutoka seva za ng'ambo. Hatari ya tabia hiyo ilieleweka vizuri tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Ukurasa unaokaa kwenye seva ya ndani ya nchi na kubeba fonti na msimbo wake wenyewe hauhitaji kuvuka bahari ili kumfikia msomaji wa Dodoma. Ule unaosubiri fonti kutoka nje husubiri pamoja na waya.

Mfano mzuri hauko mbali. Kurasa za matokeo ya mitihani za Baraza la Mitihani la Tanzania ni majedwali matupu ya HTML: namba ya mtahiniwa, jinsi, daraja, masomo. Hazina urembo, na mbunifu kijana huzicheka. Lakini ndizo kurasa za umma zinazofunguka kwenye simu ya aina yoyote, na zikifika zinakuwa na kila kilichotafutwa. Kwa kipimo cha kazi, zinazishinda tovuti nyingi zenye marumaru.

2. Skrini ndogo.

Tangu Ethan Marcotte alipoandika mwaka 2010 kuhusu kurasa zinazojirekebisha kwa upana wa skrini, njia ya kuzijenga haijabadilika sana: ukurasa huanza na mpangilio wa safu moja kwa ajili ya simu, kisha huongezewa safu skrini inapopanuka. Katika kichwa cha HTML lazima uwepo mstari wa `viewport` wenye `width=device-width`; ukikosekana, simu huchora ukurasa kana kwamba ni wa kompyuta, kisha huusinyaza mpaka herufi hazisomeki. Wapo wanaouweka mstari huo na kuongeza amri ya kuzuia kukuza maandishi kwa vidole viwili. Amri hiyo haina faida yoyote kwa msomaji na inamnyanyasa mwenye macho hafifu.

Kipimo ni upana wa pikseli 320: maandishi yote yasomeke bila kusukuma ukurasa kushoto na kulia. Menyu isitegemee kishale cha kipanya kupita juu yake, maana kidole hakina kupita juu. Ama kimegusa au hakijagusa. Vitufe vya kugusa, kwa WCAG 2.2, visipungue pikseli 24 kwa 24, na kwa dole gumba la mtu mzima ni afadhali vifike 44. Ikumbukwe pia kwamba zipo simu zinazoitwa smart kitochi, zenye mfumo wa KaiOS na skrini ya pikseli 240 kwa 320, na kwamba kivinjari cha Opera Mini, kinapobana data kwa kiwango cha juu, huchakata ukurasa kwenye seva zake na kutuma kwenye simu matokeo tu. Menyu inayotegemea JavaScript peke yake huweza kugoma huko. Viungo vikuu vya huduma viandikwe kwa HTML ya kawaida, viwepo hata msimbo usipofanya kazi.

3. Lugha, saa na tarehe.

Ukurasa ulioandikwa kwa Kiswahili hutangazwa mara nyingi ndani ya msimbo wake kuwa ni wa Kiingereza, kwa sababu kiolezo kilikuja na `lang="en"` na hakuna aliyekibadilisha. Kosa hilo halionekani kwa macho, ila linasikika. Programu ya NVDA, inayowasomea wasioona na inayopatikana bure, hutumia tangazo hilo kuchagua sauti. Sauti yake ya eSpeak NG inakijua Kiswahili, lakini ikiambiwa ukurasa ni wa Kiingereza husoma "maombi ya leseni" kwa matamshi yasiyoeleweka. Tiba ni herufi mbili: `lang="sw"`.

Kiswahili pia kina maneno marefu. Kitufe kilichopimwa kwa neno "Submit" hupasuka kikiandikwa "Wasilisha maombi", na kichwa chenye neno kama "yatakayowasilishwa" hutoka nje ya skrini nyembamba. Mbunifu anayejaza mifano yake kwa maandishi ya Kilatini yasiyo na maana haoni tatizo hilo hadi siku ya mwisho. Muundo ujengwe tangu mwanzo kwa maneno halisi ya Kiswahili, vitufe viachwe vipanuke, na sifa ya `overflow-wrap` itumike ili neno refu likatike badala ya kuvunja ukurasa. Na tovuti yenye maelezo ya Kiswahili isitoe ujumbe wa kosa kwa Kiingereza. Hapo ndipo mtumiaji anapohitaji lugha yake kuliko mahali pengine popote.

Saa ni hatari zaidi. Ofisi za serikali hufungwa saa 9:30 alasiri. Mfumo wa maombi uliojengwa kwa saa za kompyuta, ukiandikiwa 9:30, hujifunga asubuhi, saa 3:30 kwa Kiswahili, saa sita kamili kabla ya wakati uliotangazwa. Upande wa msomaji, tangazo linalosema "mwisho ni saa 10:00" bila neno asubuhi, jioni au usiku linaweza kueleweka kwa namna mbili, na anayekosea hukosa nafasi. Kila saa kwenye ukurasa iandikwe pamoja na kipindi chake cha siku, na pale penye tarehe ya mwisho ziandikwe zote mbili: saa 10:00 jioni, yaani 16:00. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi, maana 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine.

4. Fomu.

Hapa ndipo hasira ya wananchi inapotoka, na mara nyingi wana haki nayo.

Fomu nyingi hukataa jina la Ng'wandu. Mung'ong'o hukataliwa mara mbili, kwa kila ritifaa. Mfumo humwambia mwombaji kwamba jina lake lina "herufi zisizoruhusiwa", naye hulazimika kuandika jina lisilofanana na la cheti cha kuzaliwa, kisha dirisha la pili linamkataa kwa sababu majina hayalingani. Chanzo ni woga wa mwanya wa kupenyeza amri kwenye hifadhidata, na woga huo una msingi, ila tiba iliyochaguliwa si yake. Mwanya huo huzibwa kwa kutenganisha amri na data pale mfumo unapozungumza na hifadhidata, jambo ambalo kila lugha ya programu inayotumika leo ina njia yake ya kulifanya. Kumnyang'anya mtu ritifaa hakulindi chochote. Zaidi ya hapo, simu huandika ritifaa kwa maumbo mawili, lililonyooka na lililopinda. Mfumo uyatambue yote mawili kuwa kitu kimoja, la sivyo mtu atajisajili leo na kesho jina lake lisionekane kwenye utafutaji.

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na huandikwa ikiwa imegawanywa kwa vistari vitatu: nane, tano, tano, mbili. Kisanduku kikiwekewa ukomo wa herufi 20, anayenakili namba pamoja na vistari vyake hukatiwa kistari cha mwisho na tarakimu mbili za mwisho bila kuambiwa, kisha huelezwa kwamba namba yake si sahihi. Huangalia kitambulisho, huona namba ni ileile, hurudia, hukataliwa tena. Kisanduku kinachofaa hupokea namba kwa vistari, nafasi au bila vyote, na mfumo wenyewe ndio unaosafisha. Namba ya simu ni hivyohivyo: anayeanza na 0 na anayeanza na +255 wote wamesema ukweli.

Kila kisanduku kiwe na lebo inayobaki kuonekana. Maelezo yaliyofifia ndani ya kisanduku hutoweka mara mtu anapoanza kuandika, na akikatizwa na simu hajui tena alikuwa anajaza nini. Kisanduku cha namba kiwekewe `inputmode="numeric"` ili simu ilete kibodi ya namba. Kosa lionyeshwe kando ya kisanduku chenye kosa, likisema la kufanya. Na kosa moja lisifute fomu nzima. Fomu ya kurasa nne inayojifuta mtandao unapokatika kwa nusu dakika haijajengwa kwa ajili ya nchi hii.

5. Wasioona, na wengine wote.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja mifumo ya habari na mawasiliano kwa jina. Hata hivyo tangazo la nafasi za kazi huchapishwa, hugongwa mhuri, huskaniwa, na hupandishwa kama PDF ambayo ndani yake ni picha za karatasi. Programu ya kusoma skrini haikuti hata neno moja la kusoma. Anayetaka kutafuta neno ndani yake hashindwi kwa sababu ya ulemavu wake. Anashindwa kama wengine wote. Mhuri unaweza kubaki kwenye jalada la ofisi. Kwenye tovuti yawekwe maandishi ya HTML, na PDF iwe nyongeza kwa anayetaka kuchapisha.

Yaliyosalia ni mafupi. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu cha `#999999` juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na wabunifu, hufikia 2.85 tu, na juani hakionekani kabisa. Kiungo kiseme kinakopeleka, si "bofya hapa" kumi mfululizo. Picha yenye maana iwe na maelezo yake. Maandishi yanayotambaa yafutwe. Miongozo hudai kitu kinachosogea kwa zaidi ya sekunde tano kiweze kusimamishwa, na maandishi yale hayasimamishiki.

6. Namna ya kujaribu.

Majaribio hayahitaji maabara. Yanaanza na msimbo wenyewe: kikaguzi cha bure cha W3C hupewa anwani ya ukurasa na kutaja vibandiko visivyofungwa na vitambulisho vilivyojirudia, makosa ambayo kivinjari kimoja huyasamehe na kingine hakiyasamehe. Kisha kipanya huwekwa kando na ukurasa hutumiwa kwa kibodi peke yake. Kitufe cha Tab kifike kwenye kila kiungo na kila kisanduku kwa mpangilio unaoeleweka, na muda wote ionekane kilipo. Baada ya hapo maandishi hukuzwa hadi asilimia 200 kuona kama kuna kilichofichwa.

Ndani ya Chrome zimo zana za wasanidi zinazoweza kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi hadi ile ya 3G dhaifu, pamoja na Lighthouse, inayotoa alama. Lengo linalokubalika ni sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Mkandarasi atakayeleta alama 100 za Lighthouse zilizopimwa kwa kasi ya ofisini kwake aombwe kwa upole arudie mbele ya wajumbe, kwa simu ya bei ya chini, kwa mtandao wa simu, nje ya jengo. Zana ya kompyuta huiga tu simu dhaifu. Joto, kumbukumbu iliyojaa na jua la saa saba mchana havimo.

Jaribio lenye thamani kubwa ni la watu. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo, na hakuna taasisi inayokosa watu watano kwenye benchi la mapokezi. Kila mmoja hupewa kazi halisi: tafuta ada ya kusajili jina la biashara, jaza fomu hii hadi mwisho. Anayesimamia hukaa kimya. Hilo ndilo gumu, kwa sababu mbunifu akiona mtu anapotea hutamani kumwonyesha, na akishaonyesha jaribio limekufa. Kinachoandikwa ni mahali mtu aliposita, alipobonyeza kisichobonyezeka, na alipokata tamaa. Baada ya watano hao tovuti hurekebishwa, kisha huitwa wengine.

7. Yanayoombwa.

Vitengo vya TEHAMA vinaombwa kuandika orodha ya majaribio ya kupokelea tovuti, yenye tarakimu: uzito wa ukurasa wa mbele usizidi MB 1, sekunde za kufunguka, upana wa skrini, uwiano wa rangi. Maofisa manunuzi wanaombwa kuiambatisha orodha hiyo kwenye hati ya zabuni tangu siku ya kwanza, na kuzuia malipo ya mwisho hadi itimizwe kwa simu, mbele ya mashahidi. Maofisa uhusiano wanaombwa kuacha kupandisha picha zisizopunguzwa na matangazo yaliyoskaniwa, hata pale bosi anapotaka mhuri uonekane. Taasisi zote zihakikishe kwamba usajili wa kikoa, nywila za seva na cheti cha usalama viko mikononi mwao, si kwenye barua pepe binafsi ya mkandarasi. Cheti cha Let's Encrypt, kwa mfano, hutolewa kwa siku 90, na asiyekihuisha huwaachia wananchi onyo jekundu kwenye kivinjari.

Kwa tovuti zilizokwisha kupokelewa, halihitajiki fungu jipya la fedha ili kuanza. Kupunguza picha, kubadili `lang` na kuondoa ukomo wa herufi kwenye kisanduku cha kitambulisho ni kazi ya mtaalamu mmoja kwa wiki moja, na inaombwa ianze kabla ya dirisha lijalo la maombi kufunguliwa.

Nakala: Wakandarasi wote wa tovuti za umma.